Mwalimu wa Jukwaa na Kitabu: Historia ya Kuwafunza Walimu wa Sanaa za Maonyesho Tanzania

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo yatoka katika uwanja wa ngoma, ambako mchezaji stadi hutuzwa mbele ya watu wanaomjua na wanaoujua uzuri wa mchezo wake. Katika historia ya elimu ya Tanzania yupo mchezaji aliyecheza kwao miaka mingi pasipo kutunzwa kwa kadiri ya kazi yake, naye ni mwalimu wa sanaa za maonyesho katika shule ya sekondari. Chuo Kikuu kilianza kuifundisha sanaa yake mwaka 1967. Lakini alipofika shuleni alikuta kwamba ameandaliwa kitabu, hakuandaliwa uwanja. Mambo yaliyotokea kati ya uwanja na kitabu yastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo yaliyoamua jinsi vijana wengi walivyoifahamu tamthilia ya Kiswahili.

Kabla ya shule mafunzo yalikuwapo, na kabla ya jukwaa uwanja ulikuwapo. Katika unyago wa Wazaramo mwali hakuambiwa tu mambo ya utu uzima, alionyeshwa. Kungwi aliimba, akacheza, akaigiza, na sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti ikawa sehemu ya somo. Kwa Wamakonde mchezo wa mapiko, ambao mchezaji wake huvaa kinyago kinachofunika kichwa, ulifungamana na jando na unyago. Ukungwi wenyewe haukusomewa kwa daftari. Mtu alikuwa kwanza mwali, halafu akahudhuria na kusaidia katika unyago wa wengine, hata alipokwisha kukomaa na nyimbo kumkaa moyoni akakabidhiwa mwali wa kwake. Yaani mwalimu alifunzwa kwa kutenda yale yale aliyokuja kuyafundisha. Haifai kuutukuza uwanja huo kupita kiasi, kwa sababu mafunzo yake yalikusudiwa kuihifadhi jamii kuliko kuihoji. Hata hivyo kanuni moja ilikuwa imara: hapakuwa na mwalimu wa mchezo asiyejua kucheza.

Shule ya kikoloni iliitenga kanuni hiyo. Ngoma ilihesabiwa kuwa jambo la nje ya darasa, na katika shule nyingi za misheni ilikatazwa kabisa. Palikuwa na jaribio moja lililokwenda kinyume. Katika shule ya Malangali, kwenye nyanda za juu za kusini, mwalimu mkuu Mwingereza W. Bryant Mumford alijaribu katika miaka ya mwisho ya 1920 kuingiza ngoma, michezo na desturi za wenyeji ndani ya maisha ya shule, na wazee wakawa na nafasi ya kuwafundisha vijana. Nia ilikuwa njema kwa namna yake, lakini ilikuwa na kasoro iliyo wazi: mgeni ndiye aliyechagua ni desturi ipi ifaayo kubaki, na kijana aliyetaka elimu ya kumfikisha penye kazi na madaraka aliweza kushuku kwamba anarudishwa nyuma. Jaribio hilo halikuwa desturi ya nchi. Hata hivyo liliacha swali ambalo halijafa: je, mzee ajuaye ngoma ni mwalimu, au ni mgeni tu wa kualikwa siku ya sherehe?

Wakati huo mchezo uliokubaliwa shuleni ulikuwa ule uliotoka Ulaya. Misheni zilionyesha habari za Krismasi na Pasaka; shule kubwa zilionyesha Shakespeare kwa Kiingereza. Aliyeongoza maonyesho hayo kwa kawaida hakuwa mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyependa michezo, akakusanya wanafunzi jioni baada ya masomo, akagawa maneno ya kukaririwa na kushona mavazi kwa vitambaa vilivyopatikana. Katika nchi jirani ya Kenya hali ilikuwa hiyo hiyo, lakini huko lilitokea jambo la kukumbukwa. Katika shule ya Alliance, mahali palipojulikana kwa maonyesho ya Shakespeare, mwanafunzi Henry Kuria alitunga mchezo wa Kiswahili, Nakupenda Lakini, ulioonyeshwa mwaka 1954 na kuchapishwa mwaka 1957. Mwaka huo wa 1957 ndipo pia ilipotokea michezo ya Kiswahili ya Graham Hyslop, Mwingereza aliyeshughulika na muziki na maigizo nchini Kenya. Kwa hiyo shule ilikwisha kuwa na mwandishi na wachezaji kabla ya kuwa na mwalimu aliyefunzwa kuwaongoza.

Uhuru ulilileta jambo hili mezani. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipoingia katika urais wa Tanganyika, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akieleza uchungu wa watu waliofundishwa kuzidharau ngoma zao. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar, ikathibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuubeba mchezo mzito bila kuinama. Zilibaki haja mbili: watu wa kuandika michezo kutokana na maisha ya nchi, na watu wa kuifundisha. Mwaka 1967, ambao ni mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Miongoni mwa walimu wake wa mwanzo alikuwa Mmarekani Herbert Shore.

Jina la idara lenyewe lilikuwa na maana. Neno “tamthilia” lafahamisha mchezo ulioandikwa. “Sanaa za maonyesho” ni neno pana zaidi, nalo huingiza ngoma, hadithi isimuliwayo, majigambo na matambiko yaliyo na maigizo. Mwanzoni masomo yalifuata zaidi njia za Ulaya na Marekani, yaani uigizaji, uongozaji wa mchezo, upambaji wa jukwaa na uandishi wa tamthilia. Baadaye, kadiri Watanzania walivyoshika kazi ya kufundisha, swali la asili lilipata nguvu. Kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kilichotoka mwaka 1976, ni ushahidi wa juhudi ya kuieleza sanaa hii kwa Kiswahili na kwa mifano ya nyumbani. Ebrahim Hussein, aliyesoma hapo Dar es Salaam na baadaye kuwa mwalimu, alitoa Kinjeketile mwaka 1969; na mwaka 1976 akatoa pamoja Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo jukwaa limeachiwa msimulizi wa ngano. Hivyo kizazi cha kwanza kilikuwa kikifanya kazi tatu kwa pamoja: kujifunza, kufundisha, na kuandika yale yatakayofundishwa.

Mafunzo ya mwalimu wa namna hii si kujua majina ya tamthilia. Hujifunza kwanza sauti yake, jinsi ya kuifikisha hata kwa mtu aliyeketi nyuma bila kupiga kelele. Hujifunza mwili, jinsi kusimama kwa mtu kunavyosema kabla ya kinywa kufunguka. Hujifunza kuupanga umati ili kila mmoja aonekane na asimzibe mwenzake. Tena yampasa ajifunze jambo ambalo mwigizaji wa kawaida halazimiki kulijua: namna ya kumpa nafasi kijana mwenye haya, kumtuliza mwenye kujitanguliza, na kutengeneza mchezo pasipo taa wala pazia, chini ya mwembe wa shule, kwa meza mbili na khanga moja.

Basi mwalimu huyo, akiwa amejaa ujuzi wake, alipangiwa shule. Huko palikuwa na mtihani, na mtihani ulikuwa ndiyo sheria. Sanaa za maonyesho hazikuwa somo la kila shule. Kwa sehemu kubwa ya nchi tamthilia iliingia darasani kwa mlango wa somo la Kiswahili, kama kitabu kilichoteuliwa. Kwa kuwa masomo mengine ya sekondari yalifundishwa kwa Kiingereza, mlango huo ulikuwa mmoja tena mwembamba. Mwanafunzi aliulizwa dhamira ni zipi, wahusika wana sifa gani, mwandishi ametumiaje lugha, na jina la kitabu lasadifu vipi yaliyomo. Desturi ya kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui ilienea katika uhakiki wa shule, na mwalimu aliyefunzwa kuongoza mchezo akawa mwalimu wa kuandikisha madokezo.

Hasara yake yaonekana vizuri katika mfano mmoja. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982, wanawake wanajaribu kuisimamisha nguzo, na kila mara mambo yao wenyewe na ya waume zao yanaizuia kazi. Mwanafunzi aisomaye kwa ajili ya mtihani huandika kwamba nguzo ni ishara ya ukombozi wa mwanamke, akapata alama zake, akafunga kitabu. Jawabu hilo si la uongo. Lakini wape wasichana wanane gogo zito kweli kweli, uwaambie walisimamishe mbele ya wenzao, huku mmoja akiondoka katikati ya kazi kwa shughuli yake. Wale waliobaki watauhisi uzito ukiongezeka mikononi. Hapo hapana haja ya kuuliza nguzo ni ishara ya nini. Mkono umekwisha kujibu. Tofauti ya masomo hayo mawili haimo katika kitabu, kwa maana kitabu ni kile kile. Imo katika mwalimu na namna alivyofunzwa.

Vivyo hivyo Kinjeketile. Kitabu hicho kimesomwa sana katika shule za Tanzania na Kenya, na vijana wengi waweza kueleza kwamba chahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 na umoja uliotokana na imani ya maji. Lakini msiba wa mtu anayeona neno lake limemtoka mikononi, likashikwa na watu kwa namna asiyoikusudia, hauonekani sawasawa mpaka umati usimame mbele yake na kumtaka aseme. Umati ndio nusu ya mchezo ule, na umati hausomeki kwa macho ya mtu mmoja aliyeinamia dawati.

Hata hivyo haki yadai upande wa pili usikilizwe. Kama tamthilia zisingeteuliwa kuwa vitabu vya shule, ni wachapaji wangapi wangekubali kuzipiga chapa? Kitabu kilichoteuliwa kilimpatia mwandishi wasomaji, kikaipa lugha mifano ya usemi wa kila namna, na kikaifikisha tamthilia mahali ambapo hakuna kikundi chochote cha michezo kilichopata kufika. Tena mwalimu mwenye wanafunzi wengi, vipindi vichache na mtihani mlangoni hawezi kulaumiwa kwa kuchagua njia fupi. Kosa halikuwa la kitabu wala la mwalimu, bali la mpango uliomfunza mtu kazi moja ukamwajiri kwa kazi nyingine.

Palikuwa na njia nyingine pia. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kilijulikana kwa kuwaandaa walimu wa masomo ya sanaa. Vikundi vya sanaa vya taifa vilipokwisha kuvunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, kikafundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na ufundi wa jukwaa. Mwaka 2007 kikawa taasisi ya serikali iitwayo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Bagamoyo ilikuwa karibu zaidi na kanuni ya kungwi: mwanafunzi alicheza kabla ya kueleza. Lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kulea wasanii, na msanii bora huenda asijue kumlea mtoto wa kidato cha pili.

Jambo lililokaribia kuuziba ufa huo lilitokea mwaka 1996, nalo halikuanzia katika mtaala. Penina Mlama, yaani yule yule Penina Muhando wa tamthilia, pamoja na Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana waliyachambua wenyewe mambo yanayowazuia katika masomo, wakayatungia mchezo, wakauonyesha mbele ya shule nzima, kisha mjadala ukafuata. Walimu walifunzwa kusimamia kazi hiyo bila kuinyakua. Shirika la waelimishaji wanawake wa Afrika, FAWE, liliupokea mpango huo na kuupeleka katika nchi nyingine. Hapa maonyesho hayakuwa kitabu cha kuhakikiwa wala burudani ya siku ya wazazi. Msichana aliyekuwa hathubutu kumwambia mwalimu wake neno alilisema akiwa katika vazi la mtu mwingine, na shule ikamsikia.

Historia hii yafundisha kwamba mwalimu wa sanaa za maonyesho hakukosa mafunzo, wala nchi haikukosa michezo ya kufundisha. Kilichokosekana mara nyingi ni saa katika ratiba na mahali pa kusimama. Unyago ulimpa kungwi uwanja lakini ukamnyima uhuru wa kuihoji jamii yake. Shule imempa mwalimu uhuru huo ndani ya kitabu, lakini uwanja ikamnyima. Atakayeviunganisha viwili hivyo hatakuwa ameleta jambo geni. Atakuwa amemrudisha mchezaji kwao, mahali ambapo tangu zamani ilisemwa kwamba hutunzwa.