Dereva akikamatwa kwa ulevi Rumonge: jinsi ya kumchagua wakili
Na Mwandishi Wetu wa Biashara

RUMONGE - Barabara ya Taifa namba 3 (RN3), inayotoka Bujumbura kufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, na kutoka hapo kupanda mpaka wa Mugina kuelekea Manyovu, Tanzania, imekuwa mshipa mkubwa wa biashara kwa wafanyabiashara wa Kigoma, Bujumbura na ng'ambo ya Fizi. Chumvi ya Uvinza hupita hapa, saruji hupita, na mawese ya Rumonge hupanda kwenda mjini pamoja na ndagala na mukeke. Mtaji wa watu wengi uko juu ya magurudumu ya barabara hii, na kila gurudumu lina dereva mmoja tu.

Dereva huyo akisimamishwa na polisi wa rulaji akiwa ananuka pombe, tajiri wake huwa na saa chache za kufanya uamuzi ambao gharama yake ataihesabu kwa miezi. Wengi huanza kwa kumpigia simu mtu anayemjua mtu. Makala hii ni kwa wale wanaotaka kuanza kwa kutafuta wakili.

SAA ZA KWANZA

Burundi hufuata mfumo wa sheria uliotokana na Wabelgiji, na mambo mengi huamuliwa kwa karatasi kabla hakimu hajamwona mshitakiwa. Dereva huhojiwa na afisa wa polisi mwenye mamlaka ya upelelezi, anayejulikana kwa kifupi kama OPJ, na maelezo yake huandikwa kwenye hati iitwayo procès-verbal, ambayo kila mtu huku huiita PV. PV ndiyo inayosafiri kwenda parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka, na kutoka huko kwenda mahakamani. Kilichoandikwa humo siku ya kwanza, na kutiwa saini, ni kazi ngumu kukifuta siku ya ishirini.

Sheria ya taratibu za jinai inaruhusu polisi kumweka mtu kasho kwa siku saba, na muda huo unaweza kuongezwa kwa kibali cha mwendesha mashitaka bila kupita mara mbili yake. Kwa hiyo bila kosa lolote la kiutaratibu, dereva anaweza kukaa ndani siku 14 kabla kesi haijachukua sura. Kwa tajiri mwenye Fuso inayopiga safari mbili kwa wiki hizo ni safari nne zimekwenda, na kama shehena ni samaki, hata siku moja ni nyingi.

Sheria hiyo hiyo inampa mtuhumiwa haki ya kuwa na wakili tangu hatua hii. Wakili anayeitwa siku ya kwanza ana kazi ya kufanya: kuuliza sababu ya kukamatwa, kuomba dereva aachiwe kwa dhamana, kuangalia PV kabla ya saini. Anayeitwa baada ya wiki mbili hukuta PV imeshafungwa. Hivyo swali la kwanza kwa wakili yeyote ni moja tu: anaweza kufika kituoni leo? Kama yuko Bujumbura, ni kilomita zisizozidi 80 na si safari ya kutisha, lakini mwenye kesi nyingine mjini hatazifunga kwa ajili yako. Wakili wa kawaida aliyeko Rumonge asubuhi hii anaweza kukufaa kuliko bingwa atakayekuja Alhamisi.

Kwa dereva wa Tanzania, Kongo au Kenya kuna jambo la ziada. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi unampa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Tanzania na Kongo zote zina balozi Bujumbura. Ubalozi haulipi wakili wala hauendeshi kesi, ila unaweza kuuliza habari za raia wake, na kuulizwa tu mara nyingine husaidia faili lisilale.

AVOKA, WAKILI NA KISHOKA

Wasomaji waliozoea mahakama za Kigoma au Mombasa watafute mtu anayeitwa avoka. Uingereza wana aina mbili za mawakili, mmoja wa kuandaa kesi na mwingine wa kusimama mbele ya jaji. Afrika Mashariki haina mgawanyo huo, na Burundi vilevile. Avoka mmoja hufanya yote. Anapaswa kuwa ameandikishwa kwenye orodha ya chama cha mawakili, inayoitwa tableau, chini ya kiongozi aitwaye Bâtonnier. Kuna chama chenye makao Bujumbura na kingine Gitega. Anayeanza kazi huitwa stagiaire na hufanya kazi chini ya wakili mkubwa. Si vibaya kumpata stagiaire kwa kesi nyepesi, mradi ujue ni nani anayemsimamia na ubakie na namba ya huyo mkubwa.

Kuuliza kama jina limo kwenye tableau si matusi. Tanzania siku hizi mtu huangalia jina la wakili kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, na Chama cha Wanasheria Kenya nacho kina orodha yake mtandaoni. Hata hivyo, Kenya mwaka 2023 ilibidi chama hicho kimtangaze hadharani mtu aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina la mwingine. Ikiwa hilo lilitokea Nairobi, mtu aliyevaa koti zuri nje ya uzio wa mahakama Rumonge anastahili kuulizwa swali moja au mawili.

Huyo ndiye Watanzania wanamwita kishoka. Anajua majina ya makarani, anajua askari wa zamu, na mara nyingi ni mchangamfu kuliko wakili mwenyewe. Dalili yake ni kwamba hataki kuandika chochote, na fedha anazoomba hazigawanyiki: huambiwi ipi ni ada yake na ipi ni gharama ya mahakama. Akisema sehemu yake ni ya mkubwa fulani, ondoka. Burundi ina sheria ya kuzuia na kuadhibu rushwa ya Aprili 2006, na mfanyabiashara aliyekwenda kuokoa lori lake hapaswi kujikuta na kesi ya pili iliyo nzito kuliko ya kwanza.

Wako pia wanaotaka kuja na wakili wao kutoka Kigoma. Ni vizuri kuwa na mtu unayemwamini wa kukusomea karatasi, lakini kuandikishwa Tanzania hakumpi haki ya kusimama tu mbele ya mahakama ya Burundi, Soko la Pamoja au bila Soko la Pamoja. Mtumie kama mshauri, umlipe kama mshauri.

KESI YA DEREVA NA KESI YA TAJIRI

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo wakili mzuri hutengana na wa kawaida.

Tajiri huliona jambo hili kama kesi ya dereva. Sheria hailioni hivyo. Kitabu cha tatu cha Sheria ya Madai, urithi wa dikrii ya mwaka 1888, kinamfanya mwajiri awajibike kwa madhara yanayosababishwa na mtumishi wake akiwa kazini. Na katika mfumo huu aliyeumizwa, au familia ya aliyekufa, anaweza kuingia ndani ya kesi ileile ya jinai na kudai fidia. Hakimu anaweza siku moja, katika hukumu moja, kumfunga dereva na kumwamuru tajiri alipe. Mfanyabiashara aliyebaki nyumbani akisema yeye hakuwa kwenye usukani husomewa deni ambalo hakwenda kulijibu.

Kisha inakuja bima. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hata Tanzania iliendelea nayo baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000, inagharamia madai ya watu wengine ukiwa nje ya nchi yako. Lakini mikataba mingi ya bima ina kifungu kuhusu ulevi, na kampuni ikimlipa aliyeumizwa inaweza kurudi kwa mwenye gari au dereva kudai fedha zake. Wakili asiyeomba kuona mkataba wa bima katika mazungumzo ya kwanza hajaelewa kesi yako iko wapi.

Sasa fikiria masilahi ya watu hawa wawili. Tajiri angependa ionekane kwamba dereva alikunywa kinyume cha amri zake. Dereva angependa ionekane kwamba hakulewa, au kwamba aliamriwa kuendesha usiku kucha na usingizi ndio uliomchukua. Wakili mmoja hawezi kusema yote mawili. Kama hakuna aliyeumia na kinachotafutwa ni faini ndogo na gari litoke, wakili mmoja anatosha. Kama kuna majeruhi au maiti, muulize wazi: unamtetea nani? Akijibu "wote" bila kufikiri, tafuta mwingine. Ninafahamu matajiri wanaoona ni ubadhirifu kumlipia dereva wakili wake wa pekee, lakini dereva aliyeachwa mpweke kasho huanza kujitetea kwa kumtaja bosi, na maneno hayo huingia kwenye PV.

MASWALI YA KITAALAMU

Huhitaji kuwa mwanasheria kumpima mwanasheria. Muulize ulevi ulithibitishwa vipi. Alipulizishwa kwenye kifaa? Alitolewa damu hospitalini? Au ni askari aliyeona macho mekundu? Wakili mwenye uzoefu atataka kujua saa ya kukamatwa na saa ya kipimo, kwa sababu pombe hupungua katika damu kwa takribani gramu 0.15 kwa lita kila saa, na kipimo cha saa tano baadaye kinahitaji maelezo, ama ya kumsaidia dereva ama ya kumdhuru. Asiwe mtu wa kukuambia tu kwamba atazungumza nao.

Viwango vya sheria havifanani kati ya nchi na nchi. Tanzania, kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, hutumia miligramu 80 kwa mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida. Usiubebe mkoba huo kuvuka Mugina. Mtake wakili akuonyeshe kifungu cha Burundi kinachotajwa kwenye shitaka, kwenye karatasi, na adhabu yake.

Kuna pia kosa la njia. Burundi huendesha kulia, Tanzania kushoto. Dereva wa Kigoma aliyevuka jioni, akachoka, akarudi upande aliozoea katika kona za juu ya ziwa, anaonekana kama mlevi hata kama alikunywa chai. Na utingo aliyekalia makreti ya bia kutwa nzima hunuka bia. Hayo si utetezi kamili, ila wakili wa ukingo huu huyauliza bila kukumbushwa.

Muulize kama kosa linaweza kuishia parke kwa njia ya faini ya maridhiano, inayoitwa amende transactionnelle. Pasipo majeruhi, jibu la swali hilo linaweza kuwa tofauti ya siku tatu na miezi mitatu. Likiwezekana, malipo yawe na stakabadhi ya serikali.

Lugha nayo. Mahakamani ni Kirundi na Kifaransa. Rumonge mjini Kiswahili kinatosha kununulia na kuuzia, hakitoshi kutia saini PV. Wakili awe na uwezo wa kumweleza dereva kwa Kiswahili kila sentensi aliyoandikiwa, na kama hana, aombe mkalimani.

Jambo jingine dogo lenye usumbufu: anwani ya mahakama. Rumonge ilikuwa chini ya Bururi hadi 2015 ilipofanywa mkoa, na tangu mabadiliko ya 2025 yaliyoacha mikoa mitano nchini ni tarafa ya mkoa wa Burunga. Hati na vichwa vya barua vya vipindi vyote vitatu bado vinazunguka. Mwandikie wakili jina la mahakama kama lilivyo kwenye hati ya wito, na umuulize ni ya tarafa au ni Mahakama Kuu ya eneo, Sentare Nkuru. Huyo anayefanya kazi pale kila wiki hatasita kujibu.

ADA, LORI NA SHEHENA

Makubaliano ya ada yawe kwa maandishi, yakionyesha hatua zinazolipiwa: kituoni, parke, mahakama ya kwanza, rufaa. Nauli na fotokopi ziandikwe pembeni. Ada moja ya jumla hupendeza masikioni, lakini mtu hugundua siku ya hukumu kwamba rufaa haikuwamo, na muda wa rufaa haumngojei mtu atafute fedha. Anayekuahidi ushindi kwa ada kubwa anauza kitu kisicho chake.

Mpe wakili kazi mbili, si moja. Ya kwanza ni mtu, asije akaishia gereza la Murembwe kwa kukosa tu mtu wa kuomba dhamana. Ya pili ni gari na mzigo. Lori linaweza kushikiliwa kama kielelezo, ila shehena mara nyingi haina kosa, na ombi la kuitoa na kuihamishia gari jingine lipelekwe mapema kwa maandishi. Kama mzigo uko safarini chini ya ulinzi wa forodha, wakala wako wa forodha aitaarifu OBR siku hiyohiyo na aombe kibali cha kuhamisha, kwa kuwa muda wa transit unaendelea kuhesabika dereva akiwa kasho, na lakiri ikikatwa bila ofisa wa forodha kuwapo unakuwa umefungua faili la tatu.

Kesi ikiisha, usiondoke na maneno ya mdomo. Omba nakala ya hukumu au ya uamuzi wa parke, barua ya kuachiwa gari, na maelezo ya leseni ya dereva: imerudishwa, imezuiwa, kwa muda gani. Kampuni ya bima itaitaka nakala hiyo, na askari wa kizuizi kinachofuata kuelekea Nyanza-Lac ataitaka pia.