Kusini ilivyotibiwa kwa mkataba

Mgonjwa wa Kilambo, kando ya mto Ruvuma, akizidiwa hupelekwa Mtwara mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Anapopita getini huamini yuko mikononi mwa Serikali, na kwa daktari na muuguzi ni sawa. Lakini katika hospitali nyingi za umma nchini leo, anayepiga deki wodini, anayelinda lango, na wakati mwingine anayefua mashuka au kuchukua taka, ni mwajiriwa wa kampuni iliyoshinda zabuni. Wengi wanadhani huu ni mtindo mpya. Kwa Kusini ni mambo ya zamani.

Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, walifika Masasi mwaka 1876. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walianzisha kituo Ndanda mwaka 1906, mara baada ya vita vya Maji Maji kuteketeza kazi yao ya awali. Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuta misheni zina zahanati na watu, wao wakiwa na hazina nyembamba. Badala ya kujenga hospitali kila mahali, waliziachia misheni sehemu kubwa ya tiba vijijini, hasa uzazi, watoto na ukoma, kisha wakatoa ruzuku. Ruzuku hiyo ilifungwa na sharti la kuwepo mtumishi mwenye sifa zinazotambuliwa na idara ya tiba. Kwa maneno mengine, Serikali ilinunua huduma kwa mwingine na kuweka kipimo cha ubora. Udhaifu wake ulikuwa kwamba kipimo kilihesabu vyeti vya mtoa huduma. Jinsi mgonjwa alivyohudumiwa hakikugusa.

Aliyeyajua haya kwa mikono yake ni Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyekuja na UMCA mwaka 1935. Huko Lulindi, wilayani Masasi, aliendesha hospitali ya majengo ya udongo na nyasi, akapasua wagonjwa na kufundisha vijana uuguzi. Mwaka 1949 alihamia Mnero, Nachingwea, kwa Wabenediktini, akabaki hapo hadi miaka ya 1960. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Ni katika kipindi chake ndipo sheria ya mwaka 1977 ilipopiga marufuku hospitali za binafsi za kutafuta faida, huku ikiyaacha mashirika yaliyoidhinishwa, makanisa yakiwemo, yaendelee. Mtu aliyefanya kazi upande wa pili wa mkataba kwa karibu miaka 30 ndiye aliyekuwa akiiongoza wizara nchi ilipochora mstari kati ya anayetibu kwa faida na anayetibu bila faida. Naona mstari huo ulikuwa na maana kubwa kuliko tunavyoukumbuka.

Kabla ya sheria hiyo, Mtwara yenyewe ilikuwa na mfano mwingine wa tiba isiyotolewa na Serikali. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO iliendesha hospitali yake mjini hapa, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Majeruhi wa Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, walivuka Ruvuma wakatibiwa kwenye ardhi ya Tanzania na chama cha ukombozi.

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Sheria ya 1977 ililegezwa mwaka 1991. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama hospitalini, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya Bohari ya Dawa, MSD. Utumishi wa umma ulipunguzwa, na kazi zilizoitwa si za msingi zikapelekwa kwa wazabuni. Ndipo usafi wa wodi ulipohesabiwa kuwa si tiba. Hapo nakataa kabisa. Sakafu ya chumba cha kujifungulia ni sehemu ya tiba, na anayebeba ndoo ya sindano zilizotumika yuko hatarini kuliko wengi wenye koti jeupe.

Uingereza ilitangulia njia hii. Tangu 1983 hospitali zake ziliagizwa kushindanisha usafi, ufuaji na upishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu taasisi 126 za hospitali huko England, ulikuta kwamba zile zilizowapa wakandarasi usafi zilitumia fedha kidogo zaidi lakini zilikuwa na maambukizi mengi zaidi ya MRSA, bakteria sugu kwa dawa. Scotland yenyewe iliamua mwaka 2008 kuacha kutoa mikataba mipya ya usafi kwa kampuni. Sababu haihitaji uchawi kuelezeka: gharama kubwa ya usafi ni mshahara, kwa hiyo anayeshinda kwa bei ya chini hupunguza watu, saa za kazi, glavu na dawa ya kuulia vijidudu. Hospitali huokoa fedha za deki, kisha huzitumia kwenye vijiuasumu.

Haimaanishi kila mkataba ni mbaya. Mfumo wa Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018, unamruhusu mshitiri mmoja aliyechaguliwa kimkoa kuuzia vituo dawa ambazo MSD imekosa. Zahanati haianzi kuhangaika duka kwa duka. Bei zimekubaliwa mapema na ubora una wa kuulizwa. Kilichoufanya uwe na nguvu ni kwamba masharti yanaonekana: kituo kinajua kiliagiza nini, na kinapokea nini.

Uwazi huo ndio unaokosekana kwenye usafi, ulinzi na taka. Mgonjwa hajui mkataba unadai wodi ipigwe deki mara ngapi kwa siku, wala nani anampa mfanyausafi chanjo ya homa ya ini B. Halmashauri na hospitali za mkoa wa Mtwara zibandike muhtasari wa kila mkataba ukutani, kwa Kiswahili, pamoja na namba ya simu ya mganga mfawidhi. Kamati za usimamizi wa vituo zipewe mamlaka ya kuzuia malipo kazi isipofanyika, na Serikali imlipe kwa wakati mzabuni anayefanya kazi yake, ili naye asiwe na kisingizio cha kuwanyima wafanyakazi wake glavu.