Talaka na malezi ya watoto: Ya kujua kabla ya kuweka wakili

MKE au mume anayekusudia kudai talaka Tanzania Bara hana budi kujua kwamba safari hiyo haianzii mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro ufikishwe kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali chache, kama vile mdai anapokuwa ametelekezwa na hajui mwenzi wake alipo. Usuluhishi ukishindikana, Baraza hutoa hati, na shauri hufunguliwa ndani ya miezi sita tangu hati hiyo itolewe.

Umuhimu wa wakili huonekana zaidi panapokuwa na nyumba, kiwanja au watoto wa kugombewa. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika kuipata mali hiyo. Kuhusu watoto, kinachotangulizwa ni ustawi wao. Mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi.

Ili kuepuka vishoka, mteja ahakikishe kwamba wakili ana cheti hai cha uwakili, amuulize uzoefu wake katika mashauri ya ndoa, wakubaliane ada kwa maandishi, na adai stakabadhi kwa kila malipo. Asiye na uwezo anaweza kuomba huduma ya bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.