Shushushu
Shushushu ni neno la mtaani Tanzania la kumtaja mpelelezi wa siri, na pia yeyote anayepeleka habari za wenzake kwa wakubwa. Mbeya na Iringa, kama kwingineko nchini, neno hili huambatana na snichi, mnoko (huyu hasa wa shuleni na kazini) na kitenzi kuchoma: "ameenda kunichoma kwa mwalimu". Mbea ni mwingine, mpenda umbea tu. Iringa ina kumbukumbu chungu ya zawadi kwa wasaliti: Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa kichwa cha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejiua 1898. Lakini anayefichua rushwa asiitwe shushushu. Sheria ya 2015 humlinda kama mtoa taarifa.