Loji, Imandwa na Swali la Mkristo

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye msamiati wa dini hukutana mapema na maneno haya: chama cha siri. Wanafunzi huyatamka kwa hofu, wakiwafikiria Wafrimasoni tu, na mara huuliza kama Mkristo aweza kuingia humo. Swali hili si geni. Limejibiwa tangu karne ya 18, lakini majibu hayakuwa mamoja wala sababu hazikuwa zile zile. Tena jina lenyewe lilipofika katika nchi zetu za Maziwa Makuu lilibandikwa juu ya jambo lingine kabisa. Hilo ndilo tutakalo kulichunguza.

Loji Kuu ya London huhesabiwa kuwa ilianzishwa mwaka 1717. Kanuni zake, zilizochapishwa mwaka 1723, ziliandikwa na James Anderson, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Scotland. Basi walioanza hawakuwa maadui wa Ukristo. Uingereza ilikuwa imechoshwa na ugomvi wa madhehebu, na Anderson aliwataka wanachama waifuate dini ile ambayo watu wote huafikiana, kila mtu akibaki na maoni yake ya pekee. Papo hapo ndipo Roma ilipoona hatari. Tarehe 28 Aprili 1738 Papa Clement XII aliwakataza Wakatoliki kuingia, kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Alitaja kuchanganyika kwa watu wa dini mbalimbali, kiapo kilichoapwa juu ya Biblia, na usiri. Kisha akaongeza kwamba ziko sababu nyingine za haki alizozijua mwenyewe. Hivyo hati iliyolaumu siri nayo ilikuwa na siri yake.

Karne ya 19 ilitia siasa ndani ya jambo hili. Garibaldi, aliyepigania umoja wa Italia dhidi ya utawala wa Papa, alikuwa Mfrimasoni mashuhuri. Huko Ufaransa, loji za Grand Orient zilifuta mwaka 1877 sharti la kumwamini Mungu, hata Wafrimasoni wa Uingereza wakajitenga nazo. Waraka mkali wa Papa Leo XIII wa mwaka 1884 ulitoka katika vita hivyo.

Mwaka uliofuata alitokea Mfaransa mmoja aliyejiita Léo Taxil. Kwanza alikuwa mwandishi wa kulitukana Kanisa. Mwaka 1885 akadai kuwa ametubu, akaanza kuchapisha vitabu vya kusimulia jinsi shetani aabudiwavyo katika loji. Alimbuni hata mwanamke, Diana Vaughan, aliyedaiwa kuyaona hayo kwa macho yake. Wasomaji wengi waliamini, na Papa mwenyewe alimpokea. Tarehe 19 Aprili 1897, mbele ya watu waliofurika ukumbini Paris ili wamwone bibi huyo, Taxil alitangaza kwamba yote yalikuwa mzaha wake wa miaka 12. Twayataja haya kwa makusudi. Uvumi wa mitaani wa siku hizi, wa utajiri upatikanao kwa damu ndani ya loji, una sura ile ile ya masimulizi ya Taxil. Na Mkristo atafutaye sababu ya kukataa hana haja ya kuazima kwa mwongo.

Tuyamalize kwanza ya Ulaya. Waanglikana hawakukataza: Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury tangu 1945 hadi 1961, alikuwa Mfrimasoni. Wamethodisti wa Uingereza mwaka 1985 waliwashauri waumini wao wasiingie. Sheria mpya za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 hazikuwataja Wafrimasoni kwa jina, wengine wakadhani mlango umefunguliwa; lakini tarehe 26 Novemba mwaka huo huo Kardinali Joseph Ratzinger alitangaza kwamba katazo linabaki, na ajiungaye yu katika dhambi kubwa asiweze kupokea Komunyo. Roma ilirudia hayo Novemba 2023, ilipomjibu askofu wa Ufilipino.

Sasa tuje kwetu. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifika Save, nchini Rwanda, mwaka 1900. Walikuwa wana wa Kanisa lililopigana na loji. Si ajabu, basi, kwamba padre wao Alexandre Arnoux, alipoandika juu ya kubandwa katika jarida la Anthropos mwaka 1912 na 1913, aliwaita imandwa kwa Kifaransa chama cha siri.

Je, jina hilo liliwafaa? Kwa sehemu. Aliyeingizwa katika ibada ya Ryangombe, ambaye Burundi huitwa Kiranga, alifungwa asitoboe siri. Lakini loji hukusanya watu waliochaguana. Kubandwa kulikuwa jambo la ukoo na la ugonjwa. Mtu aliugua, au mke hakupata mtoto, mpiga ramli akaagiza aingizwe, na jamaa wakakusanyika. Mhutu, Mtutsi na Mtwa wote waliruhusiwa. Waliobandwa, wakifa, walitumaini kukaa na Ryangombe katika mlima Karisimbi. Wasiobandwa waliogopewa moto wa Nyiragongo. Fikirini basi mkatekumeni aliyeambiwa achague: ubatizo, au ndugu zake wakiwa wamekizunguka kitanda cha mgonjwa wake.

Twakiri kuwa mapadre walikuwa na sababu ya kukataza, na sababu hiyo haikuwa siri. Ryangombe aliombwa na kutolewa sadaka, na anayeshika amri ya kwanza hawezi kulipita hilo kimya. Ila kwa kusema "chama cha siri" walisema jambo jepesi mahali pa lile zito, na watu wakadhani wanashitakiwa kwa njama.

Tena ipo habari itakayowapendeza walimu wa lugha. Mapadre hao, kwa kuliogopa jina Imana kuwa la kipagani, walimhubiri Mungu kwa neno letu la Kiswahili, Mungu, kwa muda mrefu. Baadaye Imana lilikubaliwa, na leo ndilo lisomwalo kanisani. Ryangombe hakukubaliwa kamwe. Na anayetaka kuujua mpango wa ibada yake hurudi kwenye kurasa za padre Arnoux.