Tufe la Risasi na Habari za Gobore

Mwenye kuchungua asili ya maneno ataona kwamba habari za silaha zetu zimo katika lugha yenyewe. Neno "bunduki" latokana na Kiarabu: kwanza lilikuwa jina la kokwa la mti, kisha la kitufe kilichorushwa kwa upinde, na mwisho la chombo kinachotupa kitufe. "Risasi" nayo ilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho. Hata bunduki ya marisau ya siku hizi yapimwa kwa matufe: ile iitwayo ya nambari 12 mtutu wake ni wa upana wa tufe moja, ikiwa ratili ya risasi imegawanywa matufe 12 yaliyo sawa.

Gobore ilishindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha tufe. Mtutu hauna mifuo ndani, na tufe hulegea humo. Kwa hiyo mbali ya mita 100 kulenga ni bahati tu. Lakini ilikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kwamba mwenyewe aliweza kuilisha. Aliyekosa risasi alitia chuma kilichofuliwa, vipande vya waya wa shaba, hata vijiwe. Fundi wa namna hiyo alikuwa mtu wa kujaribu, na mara nyingine jaribio lilipasua mtutu usoni pake.

Kutoka Segerea hata Pugu si mwendo mrefu. Huko, tarehe 13 Januari 1889, wapiganaji wa pwani waliishambulia misheni ya Wabenediktini, katika vita vile tuvijuavyo kwa jina la Abushiri. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulizuia bunduki zenye mifuo zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa zile za gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na si uongo. Lakini waliotia sahihi hawakujinyima wao. Mwafrika aliachwa na tufe, askari wa Mdachi akawa na Mauser.

Ndipo tufike Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, na yale maji ya kugeuza risasi kuwa maji. Wengi hulicheka jambo hili. Mimi nadhani (ni dhana tu) kwamba wenye gobore hawakuliona geni kama tulionavyo sisi. Mtu aliyeyeyusha risasi kwa mkono wake amekwisha iona ikitiririka juu ya moto wa jikoni. Madini mengi hayalegei upesi hivyo.

Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 ya mwezi uo huo wapiganaji waliikabili boma ya Mahenge kwa mikuki na magobore, wakapokewa na bombomu mbili.