Shule ya Nyumbani na Moto wa Epworth

Katika mwaka wa jubilii twahesabu makanisa na shule zilizojengwa, na kumshukuru Mungu kwa ajili yake ni wajibu wetu. Lakini iko shule iliyotangulia zote, nayo haimo katika daftari za misioni: ni shule ya nyumbani, ambayo walimu wake ni baba na mama. Habari za shule moja ya namna hiyo, na za usiku mmoja ulioitawanya, zawafaa wazazi na walimu pia.

Katika jimbo la Lincolnshire, Uingereza, kuna mji mdogo uitwao Epworth. Kasisi wa mji huo alikuwa Samuel Wesley, na mkewe Bibi Susanna alikuwa binti wa mhubiri wa London. Walizaa watoto 19, lakini wengi walikufa wangali wachanga. Fedha zilikuwa haba na madeni mengi, hata mwaka 1705 kasisi akatiwa gerezani kwa sababu ya deni. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa majani makavu.

Humo Bibi Susanna alifundisha watoto wake. Mtoto hakuanza kusoma mpaka ametimiza miaka mitano. Ilipokaribia siku yake ya kwanza, nyumba ilitengenezwa, kila mtu akapewa kazi yake, na amri ikatolewa mtu asiingie chumbani tangu saa tatu hata saa sita, wala tangu saa nane hata saa kumi na moja. Siku ile moja mtoto alijifunza herufi zote. Wawili tu walihitaji siku moja na nusu. Kisha alianza sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, wala hakuvuka mstari mmoja mpaka ameujua sawasawa. Wasichana nao walijua kusoma vizuri kabla ya kupewa sindano, jambo lisilo desturi ya watu wa siku zile. Malezi yake yalikuwa makali: mtoto alipotimiza mwaka mmoja alifundishwa kuogopa fimbo na kulia polepole. Katika hayo si lazima tumfuate. Lakini saa zake alizitunza kwa uaminifu mwaka baada ya mwaka.

Hata usiku wa tarehe 9 Februari 1709, kati ya saa tano na saa sita, paa la nyumba likashika moto. Kasisi akasikia kelele za moto njiani, akaondoka upesi kumwamsha mkewe, aliyekuwa mgonjwa na mja mzito. Yaya akamchukua Charles, aliyekuwa mtoto mchanga, akawaambia wengine wamfuate. Mlango ulipofunguliwa, upepo mkali ukausukuma moto ndani kwa nguvu, mtu asiweze kusimama mbele yake. Baadhi ya watoto wakatoka madirishani, wengine kwa mlango mdogo wa bustani. Bibi Susanna hakuweza kupanda dirishani kwa hali aliyokuwa nayo. Mara tatu alijaribu kupita mlangoni, akarudishwa na moto. Ndipo akamwomba Mungu, akapita katikati ya moto, akatoka ameungua kidogo mikono na uso.

Walipohesabu watoto, mmoja hayuko. Alikuwa John, mwenye miaka mitano, aliyebaki amelala. Baba yake akajaribu kupanda ngazi, lakini ngazi zilikuwa zikiwaka, hazikuweza kumchukua. Akapiga magoti, akaiweka roho ya mwanawe mikononi mwa Mungu. Kumbe, mtoto alikuwa ameamka. Alipoona moto mlangoni alipanda juu ya sanduku lililokuwa karibu na dirisha, na watu wa uani wakamwona. Hapakuwa na nafasi ya kwenda kutafuta ngazi. Mtu mmoja akasimama ukutani, mwingine akapanda mabegani mwake, akamtoa mtoto dirishani. Na papo hapo paa likaanguka ndani. Kasisi akawaita jirani zake wapige magoti pamoja naye washukuru, kwa kuwa watoto wake wote wanane waliokuwamo wamepona. Nyumba na iende zake. Vitabu vyake na maandiko yake yote yaliteketea.

Nyumba ikajengwa tena, ya matofali. Lakini shule haikurudi kwa matofali. Watoto walikuwa wametawanywa katika nyumba za watu, na waliporudi mama yao aliona kwamba wameacha adabu njema, wamejifunza nyimbo mbaya na maneno ya ovyo, na Jumapili hawaiheshimu tena. Kazi ya miaka mingi iliharibika kwa muda mfupi, pasipo moto.

Bibi Susanna hakukata tamaa, akaanza tena. Akaweka desturi ya kuimba zaburi shule ilipofunguliwa na ilipofungwa. Jioni mtoto mkubwa alimchukua mdogo kuliko wote aliyejua kusema, wa pili akamchukua aliyemfuata, na kila mmoja akamsomea nduguye zaburi na sura ya Agano Jipya. Tena kila mtoto alipewa jioni yake katika juma ya kuzungumza na mama peke yake habari za roho. Siku ya John ilikuwa Alhamisi. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwalimu katika Chuo cha Oxford, aliikumbuka Alhamisi ile kwa hamu, naye ndiye aliyemwomba mama yake aandike jinsi alivyowafundisha. Bibi akamjibu kwa barua ya mwaka 1732, na kwa barua hiyo twazijua habari hizi.

John huyo, pamoja na nduguye Charles, ndio waliouanzisha mwendo wa Wamethodisti, na mwaka 1862 wamisionari wa mwendo huo walifika Mombasa, wakaweka kituo Ribe. Hata uzee wake John aliukumbuka usiku ule, akajiona kuwa kinga cha moto kilichotolewa motoni, kama asemavyo nabii Zekaria.

Basi, wazazi wapendwa, jengo likianguka kila mtu aliona, na wengi huja kusaidia. Mafundisho ya nyumbani yakianguka hakuna apigaye kelele njiani. Mwenye nyumba mwenyewe hana budi kuona, na kuanza tena, hata akianza na mtoto mmoja na zaburi moja jioni.